Miujiza, Malezi na Yakini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali linalotujia mara kwa mara katika darasa zetu, hasa kutoka kwa vijana waliosoma vyuoni na skuli pamoja, ni hili: Kwa nini watu huamini miujiza? Na swali hilo lina mwiba ndani yake. Kwa nini killa watu huamini miujiza ya kwao na kuicheka ya wenzao? Lau sisi tungalizaliwa katika nyumba ya Mabaniani au ya Wakristo, je, tusingaliamini waaminiyo wao, na tukayacheka haya yetu?

Wako wanaodhani kuwa dawa ya swali kama hili ni kumkaripia muulizaji. Sisi hatuoni hivyo. Kijana akiulizaye shekhe wake jambo linalomtaabisha amemfanyia heshima. Na akikemewa, hataacha kufikiri, ila ataacha kuuliza, kisha atakwenda kuitafuta jawabu kwa mtu asiyemtakia kheri. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulijibu swali hili kwa uwazi, kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza tuweke msingi. Sisi Waislamu twaamini kuwa Mwenyezi Mungu ni Muweza wa killa kitu, na kuwa aliwapa Mitume wake miujiza. Hapo hapana ubishi baina yetu. Lakini kusema kuwa Mungu aweza kufanya jambo si sawa na kusema kuwa amelifanya. Mungu aweza kuugeuza mchanga wa pwani yetu wote ukawa dhahabu. Walakini mtu akikujia jioni akakwambia kuwa umegeuka, hutanunua gunia kabla ya kwenda kutazama. Basi anayetaka kuhakikisha khabari ya muujiza hakuutilia shaka uweza wa Mungu. Ametilia shaka ulimi wa binadamu, na ulimi wa binadamu wastahili kutiliwa shaka.

Wanavyuoni wetu wametufunza pia kuwa jambo lenye kuvunja ada si la namna moja. Likidhihiri kwa Mtume huitwa muujiza. Likidhihiri kwa mja mwema asiyedai utume huitwa karama. Na likidhihiri kwa fasiki huitwa istidraji, yaani mtu huyo avutwa kidogo kidogo kwenye maangamizi yake. Izingatie hisabu hii, ewe msomaji, nawe utaona kuwa ndani yake mna jambo kubwa ambalo wengi hulisoma wasilitie moyoni: ajabu peke yake haimshuhudii mtu wema. Ajabu ile ile yaweza kuwa karama kwa huyu na istidraji kwa yule, na hatuwezi kuzipambanua ila kwa kutazama kwanza dini ya mtu na mwenendo wake. Basi vipi watu wetu wameugeuza mpango huo, wakawa waitafuta ajabu kwanza, na baadaye huutumia uvumi wa ajabu kuwa ndio hoja ya uwalii?

Sasa tutazame jinsi imani hizi zizaliwavyo. Mwaka 2006 samaki mmoja wa aina ya jodari aliletwa Mombasa, na watu wakamiminika kumtazama, kwa kuwa ilisemwa kuwa katika ngozi yake mna maneno ya Kiarabu yenye maana kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mbora wa wenye kuruzuku. Maneno hayo ni ya haki. Yamo katika Qur'ani, wala hayangojei ngozi ya samaki ndipo yasadikiwe. Lakini fikiri: lau samaki yule angalivuliwa na mtu wa Japani asiyejua alifu wala be, angaliona nini? Angaliona mistari na madoa, kisha angalimkata vipande akampika. Mistari ingalikuwa ni ile ile. Kilichozidi kwetu ni chuo tulichosoma utotoni. Jicho lilileta mistari, na malezi yakaisoma.

Usidhani kuwa jambo hili ni la Waislamu peke yao. Tarehe 21 Septemba 1995 khabari zilienea kutoka Delhi kuwa sanamu za Ganesha zanywa maziwa. Kabla siku haijaisha, Mabaniani katika miji mingi ya dunia, mpaka London, walikuwa wamepanga safu mahekaluni mwao na vijiko mikononi. Wataalamu wa Bara Hindi walichukua maziwa yaliyotiwa rangi wakayajaribu, ikaonekana kuwa maziwa huvutwa kutoka kijikoni yakateleza juu ya uso wa jiwe kwa utando mwembamba usioonekana kwa urahisi. Watu wale hawakuwa waongo. Waliona maziwa yakipungua kijikoni, nayo yalipungua kweli. Lakini kutoka kwenye "yamepungua" kufika kwenye "mungu ameyanywa" kuna hatua, na hatua hiyo hawakuipiga kwa macho, waliipiga kwa malezi.

Na huko Misri, kuanzia Aprili 1968 mpaka mwaka 1971, makundi makubwa ya watu yalikusanyika usiku katika mtaa wa Zeitoun, Cairo, wakitazama mianga juu ya kanisa la Wakopti. Wakristo walisema ni Bibi Maryamu. Waislamu wengi nao walisimama pale wakitazama, maana Bibi Maryamu ni mtukufu kwetu pia. Kumbuka kuwa haya yalikuja baada ya Juni 1967, Misri iliposhindwa vitani, na nyumba nyingi zikawa na kilio. Sisi hatukuwako, wala hatutoi hukumu ni mianga ya nini. Tunalosema ni kuwa mtu mwenye jeraha hutazama mbinguni zaidi ya mtu mzima, na akitazama sana hataka kurudi mikono mitupu.

Basi hii ndiyo sababu ya pili, nayo ni haja. Wahenga walisema, mfa maji hukamata maji. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini ya Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeitwa Ambilikile Mwasapile alisema kuwa Mungu amemwonyesha mti ambao maji yake huponya maradhi sugu, hata ukimwi na kisukari. Kikombe kimoja kilikuwa kwa shilingi 500 za Tanzania. Watu walikwenda kwa maelfu na maelfu. Magari yakapanga safu kwa maili nyingi. Wagonjwa wengine wakafia njiani kabla ya kuonja. Walikwenda Wakristo, na Waislamu walikwenda, na kutoka Kenya walikwenda wengi. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kudhani wamekwisha kupona.

Kwa nini khabari zile zilisadikiwa upesi hivyo? Kwa kuwa aliyepata nafuu alirudi nyumbani akaisimulia killa barazani, na aliyekufa hakurudi kusimulia. Maradhi mengi yana kupanda na kushuka kwake. Mtu akinywa kikombe siku ya kupanda, siku ya kushuka atakishukuru kikombe. Watu huhisabu walioponywa, wala hapana akaaye akawahisabu wasioponywa. Ndivyo ilivyo kwa Loliondo, ndivyo ilivyo kwa ramli, na ndivyo ilivyo kwa makaburi yanayofungwa vitambaa na kufukiziwa ubani. Mia huomba, mmoja akapata mtoto, na huyo mmoja ndiye ajaye na ng'ombe wa nadhiri. Wale tisini na tisa hulia majumbani mwao, wala hakuna awasikiaye.

Hapa twataka kusema neno moja kwa ndugu zetu. Wako waliokicheka kikombe cha Loliondo, na huku wao wenyewe hununua makombe ya zafarani kwa mtu asiyejulikana elimu yake wala uchaji wake, kwa bei ya kumfilisi mjane. Mwenye kuipima miujiza ya wenzake kwa mizani ya sonara, na ya kwake akaipima kwa mizani ya makaa, huyo ni mpunjaji, na Qur'ani imekwisha kuwatolea makamio makali wenye kupunja vipimo. Mizani ni iwe moja.

Sababu ya tatu, nayo ndiyo mama yao, ni malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtume (S.A.W.) ametufunza, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa killa mtoto huzaliwa katika maumbile ya asili, kisha wazazi wake ndio wamtiao katika dini yao. Sisi huisoma Hadithi hii tukawaona wengine, tusijione wenyewe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), hakufanya hivyo. Katika kitabu chake Al-Munqidh asimulia kuwa aliona watoto wa Kikristo hawakui ila katika Ukristo, na wa Kiyahudi katika Uyahudi, na wa Kiislamu katika Uislamu. Akajiuliza ni lipi alilo nalo yeye kwa kulijua, na ni lipi alilo nalo kwa kufuata tu. Huyu ni Hujjatul Islam, wala swali hilo halikumtoa katika dini, bali lilimtoa katika usingizi.

Na Qur'ani yenyewe imejaa lawama kwa watu waliomjibu Mtume wao kuwa wao wawafuata baba zao. Angalia kuwa hawakulaumiwa kwa kuwa baba zao walikuwa na dini nyingine tu, bali kwa kuwa hoja yao yote ilikuwa ni baba. Mtu atakayesimama leo akasema, "Mimi ni Mwislamu kwa kuwa babangu alikuwa Mwislamu," ameshika haki, lakini ameishika kwa mkono ule ule ambao mwabudu masanamu ameshikia batili yake.

Hapo ndipo kijana huruka akasema: "Basi mmekiri! Ikiwa imani yote ni malezi, haina ukweli wowote." La, hakufikiri sawa. Njia iliyolileta jambo kwetu siyo hukumu ya jambo lenyewe. Sisi sote tulifunzwa utotoni kuwa 7 mara 8 ni 56, na wengine tulifunzwa kwa bakora. Hatukuijua kwa hoja, tuliipokea. Lakini haiwi uongo kwa sababu ya bakora. Malezi hubeba kweli na hubeba uongo, kama jahazi libebavyo tende na libebavyo magendo. Mwenye busara halichomi jahazi, wala hapokei shehena yote kwa kufumba macho, hufungua akatazama.

Na mtu ataifunguaje shehena ya dini? Hapa Imamu Ghazali ametuachia mfano ambao twapenda killa mwalimu aufahamu. Asema kwa maana kuwa, mimi nimekwisha kujua kuwa 10 ni zaidi ya 3. Akija mtu akasema kuwa 3 ndiyo zaidi, na ili kuthibitisha akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yangu, nitastaajabu namna alivyofanya, lakini sitatia shaka katika nijualo. Kisha akasema kuwa hata utume usiutafutie yakini kwa fimbo kuwa nyoka na kupasuka kwa mwezi peke yake, maana huenda moyo ukakunong'oneza kuwa ni sihiri. Utafute kwa kuyajua mafunzo yenyewe na kuyatenda, kama umjuavyo tabibu kwa kuijua kazi ya utabibu. Yaani muujiza ni shahidi mmoja miongoni mwa mashahidi. Si ukuta wa nyumba yote.

Na yuko aliye mbora kuliko Ghazali wa kutuonyesha njia. Katika mwaka wa 10 wa Hijra (632) Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahimu, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahimu. Tazama jinsi sababu zote tulizozitaja zilivyokutana siku ile: jambo la ajabu mbinguni, huzuni katika nyumba waipendayo, na nyoyo zilizo tayari kusadiki. Lau alikuwa ni mtu wa kutafuta ukubwa, angalinyamaza tu. Wala asingalihitaji kusema uongo, kimya kingalitosha. Lakini alisimama, na moyo wake una msiba, akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Muujiza aliotunukiwa na watu wake aliukataa, kwa kuwa haukuwa kweli.

Sisi twaona kuwa kukataa kule ni hoja kubwa ya ukweli wake kuliko maajabu mengi yanayosimuliwa na wasimulizi. Na hapa ndipo jawabu ya yule kijana ilipo. Ukitaka kujua kama uliloletewa na malezi ni haki, usihisabu maajabu, maana killa watu wana yao. Mtazame mtu alivyokuwa uongo ulipokuwa na faida kwake. Yatazame mafunzo yake: yamemwinua mnyonge au yamemnyonya? Yamemweka mtu mbele ya Mungu Mmoja, au yamemweka mbele ya mtu mwenziwe mwenye mkoba wazi?

Katika Wazungu, mwanafalsafa wa Scotland aitwaye David Hume aliandika mwaka 1748 kuwa mtu akisikia khabari ya muujiza na ajiulize lipi lililo karibu zaidi, kutokea kwa jambo lenyewe, au kukosea kwa msimulizi. Sisi hatumfuati mpaka mwisho wa safari yake, kwa kuwa yeye aliipima ada ya ulimwengu bila kumtia Mwenye ulimwengu katika hisabu. Lakini swali lake juu ya msimulizi si geni kwetu. Bukhari alifariki mwaka 256 wa Hijra (870), karibu miaka 900 kabla ya kitabu hicho, na wanavyuoni wa Hadithi wa zama zake walikwisha kuuliza: Nani amesimulia? Amesikia kwa nani? Je, walikutana? Hifadhi yake ikoje? Waliiacha riwaya ya mtu mchaji wa Mungu kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu, wala hawakuona kuwa wamemtukana. Silaha hiyo ni yetu, nasi tumeitundika ukutani. Mtu husimulia barazani kuwa shekhe fulani aliswali juu ya maji, na hapana katika sisi aulizaye: umeona wewe, au umesikia?

Huenda mtu akasema: "Yaacheni haya. Wazee wetu waliishi na hadithi hizi wakafa na imani zao, nanyi mwataka kuwatilia watu wasiwasi." Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau. Ajuza akaaye juu ya mswala wake usiku, akimwomba Mola wake kwa machozi, hatuna ruhusa ya kumvunja moyo kwa ubishi wa wanavyuoni. Huenda yeye ni bora kuliko sisi sote. Wala hatusemi kuwa usomaji wa Maulidi na visa vya watu wema ni bure. Mna ndani yake mapenzi ya Mtume, nayo ni katika imani. Lakini mjukuu wa ajuza yule hakai katika ulimwengu wa bibi yake. Yeye atakwenda skuli, atasoma kupatwa kwa jua na mwezi, atasoma maradhi na vijidudu vyake. Ikiwa tumempa tauhidi na kisa cha kubuni katika fungu moja, tukamwambia kuwa vyote ni sawa, basi siku atakapogundua kuwa kisa si kweli atalitupa fungu zima. Na sisi tutasema kuwa skuli imempoteza, ilhali ni sisi tuliomfungia vibaya.

Hilo ni dogo mbele ya lile la pili. Mtoto aliyelelewa asiulize amelelewa tayari kwa killa mwenye sauti kubwa. Mnamo Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, jimbo la Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu walioambiwa kuwa wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Maiti zilizotolewa zilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Ni jirani zetu. Si mbali na Malindi. Tusiwacheke wala tusijitape kuwa hawakuwa wa dini yetu, kwani mlango walioingilia wao u wazi kwetu pia: kumwamini mtu kwa ajabu azidaizo, na kuona kuwa kumwuliza ni dhambi. Wazazi wale hawakuwachukia watoto wao. Walifunzwa utiifu, hawakufunzwa kupima. Na walioulipia upungufu huo ni wale wasioweza kujisemea.

Basi twawanasihi wazazi na waalimu mambo matatu. La kwanza, mfundisheni mtoto tauhidi na tabia njema kabla ya maajabu, ili imani yake isimame juu ya mwamba. La pili, mumsimuliapo kisa, mwambieni daraja yake: hili limo katika Qur'ani, hili ni Hadithi sahihi, hili ni masimulizi ya watu tu. Mtoto wa miaka kumi aweza kufahamu tofauti hiyo. Mwajua kuwa aitambua sarafu mbovu. La tatu, akiuliza, "Twajuaje?" msimpige wala msimcheke. Kama mwajua, mjibuni. Kama hamjui, semeni "Allahu aalam," kisha mtafute pamoja naye. Mama Mwislamu aliye na mtoto mgonjwa na amwombe Mungu usiku, na asubuhi ampeleke hospitali. Hayo mawili hayapigani, kwani aliyeumba uponyaji ndiye aliyeumba sababu zake.

Ama wewe, kijana uliyeuliza, twakwambia kuwa si aibu kuwa ulipewa dini na wazazi wako. Aibu ni kuizika kama amana isiyofunguliwa. Ifungue, uisome, uipime kwa mizani ile ile utakayoipimia ya mwenzako, nasi tu tayari kukaa nawe darasani usiku kucha. Sisi hatuiogopei dini ya Mungu swali la mtu mkweli.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wabillahi tawfiq.